Mjomba Ambaye Avril Tranter Hakuwa Naye

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2015. Asubuhi mvua nyepesi, upepo wa kuchoma masikio kutoka upande wa mfereji, nafuu kidogo baada ya saa nne.

Leo Bi Avril Tranter anastaafu baada ya miaka arobaini na mitatu na nusu ya utumishi katika kiwanda chetu cha vitasa hapa Willenhall, yote akiwa kwenye benchi moja, lile la dirishani. Anaondoka akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, kwa akiba yake mwenyewe, bila kusubiri pensheni ya serikali. Sisi wengine bado tunaisubiri, na kila tukiukaribia mstari, serikali inausogeza mbele. Kwa hiyo msomaji asishangae akihisi wivu katika ukurasa huu. Upo, na si haba. Habari za Avril hapa kiwandani ni habari za wivu tangu siku ya kwanza, na yeye mwenyewe hakutaka zipambwe.

Nilipomwendea wiki tatu zilizopita kumuuliza angependa jarida letu la kiwanda liandike nini juu yake, nilitarajia ataje tuzo au zile oda kubwa. Aliendelea kupiga tupa, akapuliza vumbi la shaba, akasema, "Andika kwamba Bob Millichip hakuwa mjomba wangu. Mengine weka upendavyo, bibie."

Basi nimeiandika. Bob Millichip hakuwa mjomba wake. Yafuatayo ni kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na kwa ajili ya wale waliokuwapo wakakataa kusikia.

Kila aliyepita mikononi mwa Avril anaujua msemo wake. Anakuonyesha kazi hatua kwa hatua, sauti ya chini, bila haraka: tia springi, panga vipande vya shaba, shusha kifuniko, kaza skrubu, na Bob ni mjomba wako. Maana yake ni kwamba kazi imekwisha, hakuna gumu lililobaki. Ni msemo wa zamani. Siku hizi unausikia kwa watu wenye mvi na kwa wapishi wa televisheni wanaotaka uamini kuwa keki yao ni rahisi. Rasa wa idara ya kufungasha, aliyetoka Lithuania, aliusikia wiki yake ya kwanza akauchukua nyumbani kichwani, na kesho yake akamfuata Avril kantini.

"Samahani, mama. Huyu Bob ni nani?"

"Hakuna Bob, mpenzi. Ni msemo tu."

"Lakini ni mjomba wangu?"

"Ni mjomba wa kila mtu."

"Basi mbona Krismasi imepita hajaniletea hata soksi?"

Kantini nzima ilicheka, isipokuwa meza ya Maxine Foxall wa idara ya kuunganisha. Maxine alikoroga chai yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Usijali, Rasa. Wengine alishawaletea zawadi yao zamani."

Msemo wenyewe umetoka wapi, hakuna ajuaye. Horace Lycett, aliyekuwa mtunza stoo wetu mpaka alipofariki, aliapa kwamba unatokana na Waziri Mkuu mmoja wa zama za Malkia Viktoria, jina lake Robert, yaani Bob kwa kifupi, ambaye alimpa mtoto wa dada yake cheo cha kusimamia mambo ya Ireland, na watu wakaguna kwamba kijana hakustahili. Tangu hapo, alisema Horace, ukiwa na mjomba Bob, mambo yako yamenyooka. Ni hadithi tamu na ina kasoro moja. Uteuzi ule ulikuwa miaka ya 1880, na wanaochunguza maneno hawajaupata msemo huo umechapwa popote kabla ya miaka ya 1920. Muda wote huo ulijificha wapi? Wapo wanaosema ulizaliwa kwenye majukwaa ya vichekesho. Wapo wanaotaja lugha ya mitaani ya kale, ambamo neno "bob" lilikuwa na maana ya shwari, mambo salama. Bibi yake Avril naye alikuwa na lake: Bob alikuwa mwenye duka la rehani, kwa kuwa zamani mtu wa rehani aliitwa mjomba. Jumatatu unampelekea suti ya mumeo, unapata ya kuvukia wiki, na Bob ni mjomba wako. Nimesoma yote niliyoweza kuyapata katika maktaba ya mji, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna mwenye uhakika.

Bibi huyo ndiye chanzo cha mkasa wetu. Alikuwa fundi wa vitasa aliyefanyia kazi uani kwake, kama wengi wa mji huu wakati ule, na Avril alijifunza kushika tupa miguuni pake kabla hajajifunza kusoma. Nyumbani mwao msemo ulibadilika kufuatana na mwenye kazi. Ukimwelekeza mwenzako, ulisema Bob ni mjomba wako. Ukiimaliza kazi kwa mikono yako mwenyewe, ulisema Bob ni mjomba wangu. Sijawahi kusikia nyumba nyingine hapa mjini iliyosema hivyo. Avril alidhani dunia nzima husema hivyo.

Alianza kazi Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1971, siku ya ukungu uliokataa kuondoka mpaka saa tatu. Alikuwa na miaka kumi na sita na aproni iliyomfika vifundoni. Fundi wa zamani wa benchi la dirishani alikuwa amestaafu Ijumaa iliyotangulia, na kila mtu alijua nafasi ile itakwenda kwa Maxine, aliyekuwa amefagia vumbi la shaba mwaka mzima akiingojea. Msimamizi wa ghorofa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye upara unaong'aa. Jina lake lilikuwa Robert Millichip, na hapakuwa na mtu aliyemwita Robert.

Millichip hakupenda kugawa kazi kwa kuangalia nani alitangulia. Aliwaweka wasichana wote wawili mbele ya jiliwa, akampa kila mmoja kitasa kilichofungwa na ufunguo usio na meno. "Haya, mabinti," alisema, "nionyesheni mikono." Mashine za kukandamiza chuma zilikuwa zikinguruma kiasi cha kutosikia mawazo yako. Avril alipaka ufunguo masizi, akauingiza, akautoa, akasoma alama, akapiga tupa, akarudia. Kisha akauzungusha, ulimi wa kitasa ukaruka nje, na yeye, kwa furaha ya mtoto aliyekuwa akiogopa kufukuzwa siku ya kwanza, akapiga kelele maneno ya nyumbani kwao. Filimbi ya chai ililia wakati huohuo na mashine zikazimwa. Katika ukimya ule uliofika ghafla, ghorofa nzima ilisikia sauti ya msichana mgeni ikitangaza:

"...na Bob ni mjomba wangu!"

Millichip alikuwa amesimama nyuma yake. Tupa ya Maxine ilikuwa bado mkononi.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama Horace asingetoa kichwa kwenye dirisha la stoo. "Mpwa wako ana mkono, Bob," alisema. Millichip alidhani anatania kwa msemo. Akapapasa upara wake akajibu, "Mimi ni mjomba wa kila mtu humu, Horace. Ndiyo maana nywele zimenikimbia." Kisha akamwelekeza Avril kwenye dirisha. Kabla hatujamaliza mikate yetu ya jibini na kitunguu, habari ilikuwa imefika kwetu ofisi ya oda, ghorofa mbili juu: mgeni ni mtoto wa dada yake Bob.

Asiyewahi kufanya kazi kiwandani wakati wa baridi hawezi kujua dirisha lina thamani gani. Pale dirishani mwanga unaanguka juu ya shaba tangu asubuhi, bomba la joto linapita chini ya miguu, na ukiinua macho unaona mfereji na mabata yake na watu wanaotembeza mbwa. Dirisha la ofisi ya oda linatazama mapipa ya taka ya kantini. Nimelitazama benchi la Avril kila siku nilipoteremka na karatasi za oda, na sitadanganya kwamba nililitazama kwa moyo mweupe. Lakini mimi nilikuwa na kiti changu, cheo changu na birika langu la chai. Maxine alirudishiwa ufagio.

Tangu siku hiyo Maxine hakukosa neno. Vitasa vya Avril vikisifiwa, alisema wengine hufungua kwa ufunguo na wengine hufungua kwa mjomba. Avril akipewa likizo aliyoiomba, Maxine alimpigia saluti. Siku Avril alipochelewa kwa sababu ya theluji, aliingia akakuta kipande cha katoni juu ya benchi kimeandikwa kwa mkaa: MJOMBA AMEKUSAMEHE. Alikiweka. Alikitumia kukingia chai mpaka kikaoza.

Alikana, tena na tena. Alikana kantini, alikana msalani, alikana kwenye basi la matembezi ya kiwanda kwenda ufukweni Rhyl.

"Sina undugu naye hata kidogo!"

"Bila shaka, mwenzangu, bila shaka," walimjibu, huku wakikonyezana.

Alipomwendea Millichip mwenyewe kumwomba aseme ukweli mbele ya watu, mzee yule alicheka mpaka akashika meza. "Nitangaze nini, binti? Kwamba msemo ni msemo? Wataniona nimerukwa na akili." Hakuona uzito wake. Ulikuwa uzito wa Avril peke yake. Alikuja hapa kuwa fundi, kama bibi yake, na watu walikuwa wamemwondolea sifa ya kitasa cha kwanza alichofungua. Kila alichofungua baada ya hapo kilihesabiwa kuwa cha mjomba.

Njia aliyochagua kujitetea ndiyo iliyotuletea sifa sote. Kila oda mpya ilipoanza, alikichukua kitasa cha kwanza kutoka benchi lake, akakipeleka upande wa pili wa ghorofa, akakiweka mbele ya Maxine, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia idara ya kuunganisha. "Jaribu," alimwambia. "Ukipata kosa, nirudishie." Maxine alijaribu. Alikizungusha kwa mkono wa kulia na wa kushoto, alikitia mafuta na alikiacha kikavu, alikisikiliza kwa sikio. Alilitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete ya ndoa kwenye mchanga. Mara chache mwanzoni alilipata, akakirudisha huku akitabasamu juma zima. Baadaye hakulipata tena. Tumewahi kuajiri wakaguzi wenye vyeti ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukagua vitasa vyetu kwa bidii ya wivu wa Maxine Foxall.

Matokeo yapo mjini kwa anayetaka kuyaona. Mwaka 1988 benchi la dirishani lilitengeneza vitasa vya hospitali nzima, kila mlango na ufunguo wake, na ufunguo mmoja mkuu unaoifungua yote, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Sanduku la kale la kanisa, ambalo ufunguo wake ulipotea wakati wa vita na mafundi wawili walitaka kulikata, Avril alilifungua katika mchana mmoja, akiwa amepiga magoti, paroko akimshikia tochi. Ndani mlikuwa na vitambaa vya madhabahu na fulana moja ya mpira wa miguu ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Mwaka 1992 alifanywa mkuu wa benchi. Millichip alikuwa ameshastaafu miaka tisa. Maxine alisema kivuli cha wajomba wengine ni kirefu.

Bob Millichip alizikwa Novemba 1998, siku ya mvua ya mawe. Tulikwenda wengi. Jamaa zake walikaa viti vya mbele, na Maxine alinyoosha shingo kumtafuta Avril kati yao, kisha akagundua ameketi naye bega kwa bega nyuma kabisa.

"Mbona hukai mbele na ndugu zako?" alimnong'oneza.

"Ndugu zangu ni ninyi," alisema Avril. "Mungu anisaidie."

Mlangoni mjane wa marehemu alitushika mikono mmoja mmoja. Alipomfikia Avril alimtazama kwa upole akamuuliza, "Na wewe ni nani, mpenzi?" Nilisimama nyuma yao na nilisikia. Maxine naye alisikia. Nilidhani yamekwisha. Tulipofika kituo cha basi Maxine alitikisa mwavuli wake akasema, "Masikini mama wa watu. Huzuni imemvuruga kabisa, hata mpwa wa mume wake hamkumbuki."

Vuli iliyopita wakuu wa kiwanda walimwita Avril. Mashine mpya inakata funguo kwa kompyuta, walimwambia, lakini kazi za milango ya kale bado zinahitaji mkono. Benchi litabaki na mtu mmoja. Avril mwenyewe amchague. Akiona hakuna anayefaa, benchi litafungwa atakapoondoka.

Walioomba walikuwa wawili. Mmoja ni Leanne wa idara ya kuunganisha, binti yake Maxine, mwepesi wa mikono na mwenye uso wa kumfurahisha kila mtu. Mwingine ni Joanne, msichana mkimya wa idara ya springi. Joanne ni Tranter. Ni mtoto wa Clive, kaka yake Avril, wa baba mmoja na mama mmoja.

Unaweza kuwazia kantini. Akimpa Joanne, basi mambo ya mjomba yote yalikuwa kweli, na ukoo ule umezoea. Akimpa Leanne, amenunua amani kwa benchi ambalo si lake kuliuza. Wengi walimshauri anunue. "Miezi imebaki michache," walimwambia. "Mpe wa Maxine, uondoke jina lako likiwa safi." Walisema kwa nia njema, na kwa mara ya kwanza nilimwona Avril akiacha mkate wake bila kuumaliza. Jina lake ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote humu, na sasa alikuwa akionyeshwa namna ya kulipata kwa kusema uongo kidogo kuhusu ufunguo wa nani ni bora.

Aliwafundisha wote wawili majira yote ya baridi, siku sawa, kazi sawa. Maxine alipita kila saa, na kila alipopita alikuwa na la kusema.

"Usijichoshe kuwapima, mwenzangu. Kwenu kazi hurithiwa kama pua."

Avril aliwapa wasichana kitasa kingine. Kwa mwezi mzima hata Bob hakumtaja kinywani mwake.

Jumatano ya tarehe 18 Februari kulikuwa na sakitu, ule umande ulioganda, juu ya mabomba na anga safi. Avril alingoja tulipokuwa wote kantini wakati wa chai, akasimama. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Benchi linakwenda kwa Joanne," alisema. "Ndiyo, ni mtoto wa kaka yangu. Safari hii ni kweli. Kwa hiyo semeni mtakavyo." Akakaa.

Leanne alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini aliinuka akampa Joanne mkono. Maxine aliacha chai yake, akatoka, na Avril akamfuata. Nami nilikuwa na karatasi za oda za kuteremsha, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona, na wote wawili wamenipa ruhusa kuyaandika.

Juu ya benchi vilikuwapo vitasa viwili, mtihani wa mwisho wa wasichana wale. Maxine alijaribu cha binti yake. Kilifunguka. Alijaribu cha Joanne. Kilifunguka. Alirudia, polepole zaidi, sikio karibu na shaba kama alivyofanya miaka yote. Kisha akautoa ufunguo wa Joanne akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama meno yake jino moja baada ya jingine.

"Wa Leanne unafungua," alisema.

"Unafungua."

"Basi?"

"Basi mwaka wa tatu utaanza kukwama, Maxine. Na wewe umeshausikia."

Maxine alikuwa ameusikia. Alikuwa na masikio yaleyale ambayo Avril aliyategemea tangu ujana wao. Aliweka ufunguo chini.

"Niambie kitu kimoja. Usinizungushe. Bob alikuwa mjomba wako?"

"Hapana."

"Hata wa mbali? Wa upande wa ndoa?"

"Hata wa mbali. Nimekwambia tangu mwaka wa sabini na moja."

"Na siku ile ya kwanza?"

"Siku ile nilimaliza kwanza."

Maxine alikaa kwenye kigoda cha dirishani. Alitazama mfereji. Mabata yalikuwa yakitembea juu ya barafu nyembamba pembeni, yakiteleza.

"Kwa hiyo ulinishinda," alisema.

"Siku ile, ndiyo. Ulikuwa umebakiza jino moja."

"Jino moja." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Afadhali ungekuwa na mjomba."

Hakusema kwa utani, na Avril hakucheka. Mtu anaweza kumvumilia mjomba wa mwenzake maisha yake yote ya kazi. Mjomba ni bahati ya mwenzako, haikuhusu wewe. Mikono ya mwenzako ni jambo jingine. Avril aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameyangojea maneno "ulinishinda" miaka arobaini na zaidi, na yalipokuja alitamani kumrudishia Maxine mjomba wake. Badala yake alivuta kigoda kingine akaketi karibu naye, na wakakaa hivyo mpaka filimbi ikalia.

Joanne amekuwa kwenye benchi peke yake tangu wiki iliyopita. Leanne anaendelea kujifunza kwa Joanne jioni mbili kwa wiki, kwa kutaka mwenyewe, na ule ufunguo wake ameuanza upya. Kitasa cha kwanza cha oda ya Machi Joanne alikibeba mwenyewe kwenda idara ya kuunganisha, akakiweka mbele ya Maxine, hakuambiwa na mtu. Maxine alikaa nacho nusu siku. Alikirudisha na kosa moja. Lilikuwa kosa la kweli, na wanasema alirudi akiimba.

Vijana wa idara ya springi nao wameanza mtindo mpya. Wakimaliza kazi wanasema, "na Avril ni shangazi yako." Nimewasikia pia wachukuzi wa mizigo wakisema hivyo, na jana nilimsikia dereva wa lori kutoka Walsall, ambaye hajawahi kumwona Avril. Huenda siku moja watu wa maktaba watabishana Avril alikuwa nani, kama aliwahi kuwapo au ni neno la kale lenye maana ya shwari. Watakaobahatika kuupata ukurasa huu wajue: alikuwapo, alifanya kazi hapa, na alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, ambaye aliipata kazi yake kwa mikono.

Kwa utaratibu wangu nimewapa wahusika rasimu waisome kabla ya kuchapwa. Avril alisahihisha mwaka mmoja. Maxine aliisoma mara mbili, akaniomba niongeze kwamba bado ana shaka, kwa sababu Bob Millichip alikuwa na dada aliyehamia Dudley na hakuna aliyewahi kufuatilia watoto wake. Nimeongeza. Kisha akaniomba nimwachie aandike yeye kadi ya maua tunayompa Avril, na nimemwachia. Sijui ameandika nini. Avril aliisoma leo asubuhi amewapa watu mgongo, akaitia mfukoni mwa aproni, na aproni hiyo amekataa kuirudisha stoo.

Avril, kwa niaba ya wote wa ghorofa na wa ofisi, na wa upande huu wa mapipa ya taka, tunakushukuru kwa milango yote inayofungwa vizuri mjini humu na kwa subira uliyokuwa nayo juu yetu. Tunakuonea wivu kwa asubuhi zako zote zijazo. Maisha yako yawe mema na marefu, na usingizi wako uwe kama ule wa Jumatano ya sakitu, ambao umetusimulia mwenyewe: ulirudi nyumbani, ukaketi uvue viatu, ukapitiwa na usingizi pale pale kitini na kiatu kimoja mguuni, saa mbili na robo za usiku.